Dhana na Yakini: Kisa cha Utando wa Tabaka Mbili

Wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Barazani maneno hayo huenda yakafaa, lakini katika elimu hayatoshi. Kwani mtu aweza kusema kweli ilhali hoja yake ni mbovu.

Mwaka 1925, mjini Leiden, Uholanzi, daktari wa watoto Evert Gorter na mwenziwe F. Grendel walichukua chembe nyekundu za damu ya binadamu, mbwa, sungura, mbuzi na kondoo. Waliyatoa mafuta yake kwa asetoni, wakayatandaza juu ya maji yawe tabaka moja tu, kisha wakapima. Eneo la mafuta lilikuwa kama mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Basi wakasema: utando uzungukao chembe ni wa tabaka mbili.

Walisema kweli. Lakini waliorudia kipimo hicho katika miaka ya 1960 walikuta makosa mawili: asetoni haikutoa mafuta yote, na eneo la chembe lilikadiriwa pungufu, kwa kuwa zilipimwa zikiwa zimekauka na kunywea. Kosa moja lilifuta jingine. Je, ndugu msomaji, hiyo twaweza kuiita yakini?

Ilibidi utando wenyewe uchunguzwe. Unene wa mafuta yake ni sehemu 4 au 5 za milimita iliyogawanywa mara milioni 1, na mawimbi ya mwanga wa kawaida ni marefu kama mara mia kuliko hapo. Ama miale ya eksirei, aliyoigundua Wilhelm Röntgen huko Ujerumani mwaka 1895, mawimbi yake ni mafupi mno. Wala tusidhani ni picha kama ya mfupa uliovunjika. Hapa miale hutawanywa na elektroni, ikaacha duara kwenye filamu, na mtaalamu hukokotoa mpango wa vitu kutokana na duara hizo.

Mwaka 1957 Vittorio Luzzati na wenziwe, nchini Ufaransa, waliitumia njia hiyo kueleza mpango wa sabuni ndani ya maji. Chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Kwa hiyo mikia hujificha pamoja, vichwa vikabaki nje. Mafuta ya utando yana tabia hiyo hiyo. Mwaka 1964 Alec Bangham, huko Uingereza, alionyesha kuwa mafuta hayo yakitiwa majini hujikunja yenyewe yakawa vifuko vidogo. Na mwaka 1977 Toyoki Kunitake na Yoshio Okahata, huko Japani, walitengeneza vifuko kwa kitu cha jamii ya sabuni kilichoundwa maabara.

Mwaka 1971 Maurice Wilkins na wenziwe, mjini London, walipitisha eksirei katika tando na vifuko vilivyotawanywa majini. Vichwa vina elektroni nyingi, mikia ina chache. Hesabu ikatoa vilima viwili na bonde kati yao. Tabaka mbili, bila shaka.

Faida yake si ndogo. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha dawa ya saratani, doksorubisini, iliyofungwa ndani ya vifuko vya namna hiyo ili madhara yake kwa moyo yapungue. Mgonjwa hawekewi dawa katika chombo ambacho ukuta wake haujulikani.

Gorter na Grendel wanastahiki heshima yao. Hata hivyo, anayefika mjini kwa kupotea njia mara mbili hawezi kumwelekeza mwenziwe. Yakini ni ile njia ambayo mwingine akiifuata atafika.