Paa la Bati na Sikio la Mtoto Katika Buhaya

Waandishi wa historia ya Buhaya wametueleza mengi juu ya wafalme, kahawa, migomba na utawala wa wageni. Walakini ni shida kupata hata ukurasa mmoja juu ya mtoto wa miaka miwili anayeamka usiku akilia kwa ajili ya kishindo kilichotokea ndani ya nyumba yao wenyewe. Pengine jambo hilo lilidhaniwa kuwa dogo mno. Mimi naona si dogo, kwa kuwa mtoto huyo aghalabu huitwa mwoga, na jina hilo hukaa naye, ilhali sababu ya hofu yake huenda imo katika historia ya nyumba anamolala.

Hapo kale Wahaya wa Kiziba, Kyamutwara na Ihangiro (ambayo leo imo katika Muleba) walikaa katika msonge, yaani nyumba ya mviringo ambayo nyasi zake zilishuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, hata paa na ukuta vikawa kitu kimoja. Nyasi zilipatikana katika rweya, mbuga zilizo nje ya vibanja vya migomba. Na nyasi nyingine zilitandazwa sakafuni ndani ya nyumba. Sauti inapoingia katika tabaka nene la nyasi husuguana na hewa iliyomo baina ya majani, ikapungua nguvu na kupotea. Mvua kubwa juu ya msonge haikuwa na kishindo, na chungu kilichoanguka kiliangukia nyasi.

Si kwamba nchi yenyewe ilikuwa kimya. Peter Schmidt na Donald Avery walipotangaza utafiti wao mwaka 1978, walionyesha kwamba watu wa pwani hii ya magharibi ya ziwa walikuwa wakiyeyusha chuma miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Mlio wa chuma, basi, Mhaya aliujua tangu zamani sana. Lakini katika karne hizo zote chuma kilifuliwa chini, mbele ya mhunzi; hakikuwekwa juu ya kichwa cha mtoto aliyelala.

Badiliko hilo lilikuja katika karne ya 20. Wajerumani walijenga kituo Bukoba mwaka 1890, na baada yao bati lilionekana kwanza juu ya majengo ya serikali, ya misheni na ya wafanya biashara. Kisha kahawa ikawapa wakulima fedha. Bei zilipopanda baada ya Vita ya Pili ya Dunia, na chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilipoundwa Bukoba mwaka 1950, paa la bati likawa alama ya mtu aliyefanikiwa. Sitaki msomaji adhani kuwa nalilaumu bati. Nyasi huungua, huvuja, hukaa panya, na kuzikata na kuziezeka upya ni kazi ya kuchosha. Aliyeziacha alikuwa na haki ya kuziacha.

Walakini Bukoba si mahali pa kawaida pa kuweka bati. Mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi huja usiku na alfajiri. Sababu ni ziwa: usiku upepo wa nchi kavu huvuma kutoka kandokando na kukutana juu ya maji yenye joto, mawingu ya radi hupanda, na upepo wa mashariki huyasukuma hadi pwani ya magharibi. Hivyo dhoruba hufika saa ile ile mtoto anapokuwa usingizini. Na nyumba isipokuwa na dari, mama humpigia kelele mtu aliye karibu naye bila kusikika. Saruji nayo ilichukua mahali pa nyasi sakafuni. Sufuria ikianguka, sauti hupiga sakafu, hupanda batini, hurudi.

Mtoto mchanga hushtuka kwa mwili mzima asikiapo kishindo, na mshtuko huo wa asili hutoweka akiwa na umri wa miezi minne hadi sita. Hofu ya kelele ya mtoto anayetembea ni jambo jingine: amekwisha kutambua kuwa kitu kimetokea, lakini hajui kimetoka wapi. Huko Marekani John Watson na Rosalie Rayner waliandika mwaka 1920 jinsi walivyomfundisha mtoto wa miezi 11 kuogopa panya mweupe, kwa kugonga nondo ya chuma kwa nyundo nyuma yake kila alipomgusa. Lilikuwa tendo la ukatili. Hata hivyo linaonyesha jinsi mlio wa chuma unavyoweza kuambukiza hofu kwa kitu kisicho na hatia, kama vile chumba, kitanda au giza.

Kutoka ng'ambo ya mpaka twapata habari za upole zaidi. Mary Ainsworth alikaa miongoni mwa Waganda karibu na Kampala katika miaka ya 1954 na 1955, akawaangalia watoto pamoja na mama zao. Aliona kwamba watoto waliokuwa na imani kwa mama zao walikuwa aghalabu wa wale mama walioweza kumsimulia kinaganaga tabia za watoto wao. Mama wa namna hiyo katika Muleba atakuambia kuwa mwanawe haogopi radi; aogopacho ni bati.

Mwezi wa Oktoba 1978 ndege za Uganda ziliporusha mabomu Bukoba, watu wazima walikimbia. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi lilipoitikisa Kagera, walikimbia tena. Sijapata kusikia mtu akiwaita waoga. Mtoto wa miaka miwili, ambaye kwake mvua ya usiku wa manane haina maelezo zaidi ya bomu, hupewa jina hilo kabla hajaweza kulikataa. Wengi wao huizoea sauti wakikua. Wako wachache ambao huziba masikio hata kwa kelele ndogo, tena huchelewa kusema au hawageuki waitwapo majina. Hao wapasa kupelekwa kwa mganga, wala si kuchapwa.

Katika Katuruka, Bukoba Vijijini, msonge ulijengwa upya kwa kumbukumbu ya Mukama Rugomora Mahe. Wageni huenda kuutazama ukubwa wake na ufundi wa nyasi zake. Nawashauri wanafunzi wangu waende wakati wa mvua, wakae ndani kimya, wasikilize.