HighLife: kanuni inayozaa umbo linalojinakili

HighLife ni kanuni ya otomata ya seli, ndugu wa karibu wa Mchezo wa Maisha wa mwanahisabati Mwingereza John Conway, uliotangazwa mwaka 1970. Zote mbili huendeshwa juu ya uwanja wa miraba, ambamo kila mraba, yaani seli, una majirani 8. Seli hai yenye majirani hai 2 au 3 huendelea kuishi, vinginevyo hufa. Seli mfu yenye majirani hai 3 hupata uhai. HighLife huongeza sharti moja tu: majirani hai 6 nao huleta uhai.

Maumbo mengi madogo hutenda vilevile katika kanuni zote mbili, ikiwemo glaida, ambayo husogea mraba mmoja kwa mshazari kila vizazi 4. Hata hivyo, mwaka 1994 Nathan Thompson aligundua katika HighLife umbo dogo linalojinakili kila baada ya vizazi 12, nakala zikijipanga kwa mshazari; mbili zinapogongana, hufutana.

Katika mchezo wa Conway, umbo la kwanza kujijenga upya, Gemini la Andrew Wade, lilipatikana mwaka 2010, likiwa na mamia ya maelfu ya seli. Sharti moja lililoongezwa ndilo lililoifanya kazi hiyo kuwa nyepesi.