Uzi Mmoja wa Samawi



Wiki hii dada mmoja amenitumia picha ya shali ya maombi. Ni nyeupe, ina mistari ya samawi, herufi za Kiebrania na vishada kwenye pembe zote nne. Muuzaji anasema rangi hiyo ina upako wa kufungua milango iliyofungwa. Bei ni elfu saba. Dada yetu anazo, lakini ni za karo ya mtoto. Akaniuliza, "Mchungaji, ninunue?"

Nimeshamjibu. Leo nakujibu na wewe, kwa maana najua hayuko peke yake. Twende pole pole tuone rangi hiyo ilitoka wapi.

Fungua Hesabu 15:37-41. Mungu anamwambia Musa kwamba Waisraeli watie vishada kwenye ncha za mavazi yao, na kila kishada kiwe na uzi wa samawi. Kwa Kiebrania rangi hiyo inaitwa tekheleti. Sasa angalia sababu. Mungu hakusema uzi utawalinda wala utawaletea mali. Alisema wakiutazama wakumbuke amri zake na kuzitenda, wasivutwe na mioyo na macho yao.

Na kwa nini samawi? Kwa sababu ndiyo rangi waliyoiona hemani. Ilikuwa kwenye mapazia. Joho la kuhani mkuu lilikuwa samawi tupu (Kutoka 28:31). Kamba ya samawi ndiyo iliyofunga bamba la dhahabu kwenye kilemba chake (28:37). Kwa hiyo mchunga mbuzi wa kawaida, ambaye hangeingia Patakatifu pa Patakatifu hata siku moja, alitembea na uzi wa rangi ya kuhani mkuu. Mungu alikuwa amesema taifa lote litakuwa ufalme wa makuhani (Kutoka 19:6). Ni kama sare ya shule, mpendwa. Sare haimpi mtoto akili. Inamkumbusha yeye ni wa wapi, ili asiaibishe shule yake akiwa njiani.

Rangi hii haikuwa ya bei rahisi. Ilitoka kwa konokono wa baharini, katika pwani ya Mediterania. Mwaka 1909 mwanakemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 wa jamii hiyo kupata gramu 1.4 tu za rangi ya zambarau. Na palipo na bei kubwa, matapeli hawakosi. Zamani hizo walikuwepo waliotia nyuzi rangi ya mmea wa nili na kuziuza kama tekheleti. Kwa macho huwezi kutofautisha. Walimu wa Kiyahudi wakaonya katika Talmudi kwamba Mungu aliyemjua mzaliwa wa kwanza ni nani kule Misri, atamjua na kumhukumu anayevaa uzi bandia akidai ni wa kweli. Kwa hiyo biashara ya kuuza rangi kwa jina la Mungu haikuanza kwenye simu yako.

Kisha ukaja msiba. Kufikia karne ya 8 hivi, ufundi wa kutengeneza tekheleti ulikuwa umepotea. Wayahudi wakafanya nini? Wakaendelea kuvaa vishada vyenye nyuzi nyeupe peke yake, kwa sababu walimu wao walikuwa wameshaandika kwamba kukosekana kwa samawi hakuharibu nyeupe. Katika miaka ya 1880 Rabi Gershon Henoch Leiner wa Radzyń, Poland, alidhani ameipata kwa ngisi. Mwaka 1913 Isaac Herzog, katika utafiti wake wa udaktari huko London, alionyesha kwamba samawi ile ilitokana na chuma kilichotiwa ndani ya mchanganyiko. Ni katika miaka ya 1980 ambapo Otto Elsner, mwanakemia wa Israeli, aligundua kwamba rangi ya konokono ikipigwa na jua wakati wa kuitayarisha, inatoka samawi badala ya zambarau.

Hesabu mwenyewe. Zaidi ya miaka 1,000 bila uzi wa samawi! Je, miaka hiyo yote Mungu aliziba masikio? Hasha!

Sasa twende kwa Yesu. Yule mama aliyetokwa na damu miaka 12 aligusa pindo la vazi lake (Luka 8:43-48). Neno la Kigiriki lililotumika hapo ndilo lililotumika kutafsiri vishada vya Hesabu 15. Lakini umati mzima ulikuwa unamsonga Yesu siku hiyo. Wangapi waligusa nguo ile wakarudi nyumbani vile vile? Yesu hakusifu kitambaa. Alimwambia mama imani yake ndiyo iliyomponya.

Na ni Yesu huyo huyo, katika Mathayo 23:5, aliyewakemea waliorefusha matamvua yao ili waonekane. Katika mstari huo, Biblia yetu ya Kiswahili inaviita vile vibweta vya maandiko hirizi. Sisi Waafrika tunajua hirizi ni nini. Hata kitu alichokiagiza Mungu chaweza kugeuka hirizi mikononi mwetu.

Sijasema shali ni dhambi. Kama unayo na inakukumbusha kumtii Mungu, jifunike uombe. Leso yako pia yatosha. Lakini ukiinunua ili rangi ifanye kazi ya Roho Mtakatifu, umenunua hirizi yenye herufi za Kiebrania.

Dada, lipa karo. Mtoto akienda shule Jumatatu, hiyo nayo ni ibada.

Na wewe unayesoma, jiulize: ni kitu gani nyumbani kwako ulikipata kikukumbushe Mungu, na sasa unakitegemea badala yake?

Baba, turudishe kwako mwenyewe. Utupe mioyo inayokumbuka na mikono inayotii. Katika jina la Yesu. Amina.