Tenda Wema, Nenda Zako: Ulimwengu Sambamba katika Star Trek

Ulimwengu sambamba ni hila kongwe ya watunzi wa bunilizi za kisayansi. Humruhusu mtunzi kumuua mhusika asiyetaka kumpoteza, au kumvika shujaa uovu bila ya kumharibia sifa, madhali yatendekayo huko hayayagusi ya huku. Katika Star Trek, msururu wa tamthilia za televisheni ulioanza kurushwa Marekani mwaka 1966, hila hiyo ilipata kitu ambacho aghalabu hukikosa, yaani historia.

Chimbuko lake ni “Mirror, Mirror”, kipindi kilichoandikwa na Jerome Bixby na kurushwa Oktoba 1967. Nahodha Kirk ameshindwa kuwashawishi Wahalkani waliruhusu Shirikisho lichimbe madini ya dilithiamu. Anaporejea chomboni, dhoruba ya ioni inauvuruga mtambo wa kusafirisha watu, na yeye na wenzake watatu wanajikuta katika chombo kile kile, miongoni mwa mabaharia wale wale, ila Shirikisho limekuwa Dola inayowaangamiza wanaoikatalia, na cheo hupatikana kwa kumuua aliye juu. Mapacha wao wanne wametupwa upande wa pili. Kaida ya kwanza ya ulimwengu huo, basi, ni ulinganifu: aingiaye hufidiwa na atokaye.

Ndevu za Spock wa huko ndizo zilizokumbukwa zaidi, lakini uzito wa kipindi umo katika mazungumzo ya mwisho. Spock amekwisha kukiri kuwa Dola itaanguka baada ya miaka 240 hivi. Kirk anamhoji iko wapi mantiki ya kuitumikia dola isiyo na mustakabali, anamdokezea silaha ya siri itakayomwezesha kutwaa madaraka, kisha anakwenda zake. Spock anaahidi kulifikiria tu. Hadhira ya 1967 iliachwa iamini kuwa ukweli unahitaji kutamkwa mara moja tu, tena na mgeni, ili ufanye kazi. Ni imani ya ajabu kwa nchi iliyokuwa vitani Vietnam mwaka huo huo.

Ilipita miaka 27 kabla ya mfululizo mwingine, Deep Space Nine, kuonyesha kilichofuata. Katika “Crossover” (Mei 1994), Kira na daktari Bashir wanavuka, safari hii bila ya mapacha kubadilishana nafasi. Kaida ya 1967 imekwisha kuvunjwa. Wanaelezwa kuwa Spock alifika kuiongoza Dola, akahubiri amani, akapunguza silaha. Waklingoni na Wakardasia wakaungana na kuivamia. Wanadamu sasa ni watumwa wanaochakata madini. Methali humwasa mtenda wema aende zake asingoje shukrani. Haisemi neno juu ya wanaobaki na wema huo.

Ni rahisi kuusoma mgeuko huu kama hoja ya kihafidhina, kwamba anayeweka silaha chini hujichimbia kaburi. Usomaji huo unasahau kuwa wanaowatumikisha wanadamu ni wale waliokandamizwa na Dola. Deni lilikuwepo kabla ya Spock. Huruma yake iliwafungulia mlango wadai. Isitoshe, Bashir naye anarudia tendo la Kirk: anamsimulia O’Brien wa huko maisha ya pacha wake, maneno yanamwingia, na mgeni anaondoka. Safari hii aliyeyasikia ni mtumwa, wala si afisa.

Vipindi vilivyofuata vilizidi kuugeuza ulimwengu huo uwanja wa michezo. Linalobaki na uzito ni kisa cha Sisko, mjane anayemkuta huko mkewe akiwa hai, lakini si mkewe.

Njia nyingine ilikuwa imefunguliwa na “Parallels” (1993), ambamo Worf anapenya kutoka ulimwengu mmoja hadi mwingine, na inaelezwa kuwa kila liwezekanalo hutukia mahali fulani. Hatimaye vyombo 285,000 vinafanana angani. Wingi huu unavutia, ila unaua taharuki: ikiwa yote hutukia, uamuzi wa Kirk au wa Spock una thamani gani? Kipindi chenyewe kinalihisi swali hilo kwa dakika moja, pale Riker wa ulimwengu uliotekwa na Waborg anaposihi asirudishwe kwao. Chombo chake kinalipuliwa, na hadithi inaendelea.

Filamu ya 2009 ilichukua mkondo huo wa matawi, historia mpya ikichipua kando ya ile ya zamani. Ulimwengu wa Dola ulirudiwa katika Discovery, hususa “Terra Firma” (Desemba 2020). Humo Georgiou, aliyekuwa mtawala wa Dola na akaishi kwa muda upande wa pili, anarudishwa kwao na kujaribu kutawala kwa huruma kidogo. Hakimbii baada ya kusema. Anabaki, anasalitiwa na kuchomwa kisu. Kabla ya hapo amemfunulia Saru, mtumwa wake, kwamba hali ambayo jamii yake hufundishwa kuihesabu kuwa mauti si mauti.