Waraka wa Makka wa 1908: Mapenzi ya Mji Mtukufu na Khofu ya Mkoloni Kusini mwa Tanzania

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Muislamu wa Songea anaposimama kuswali huelekea kaskazini, akiinamia mashariki kidogo. Mbele yake, umbali wa zaidi ya kilomita 3,500, iko Al-Kaaba. Wengi wa wazee wetu waliishi na kufa bila ya kuuona mji huo, lakini mara tano kila siku nyuso zao zilielekea huko. Mapenzi haya ni neema kubwa. Hata hivyo, historia inatufundisha kuwa moyo uliolainika kwa kutajiwa Makka unaweza kupokea kila unacholetewa, kilicho sahihi na kisicho sahihi. Katika makala haya tutaangalia tukio moja la kusini mwa nchi yetu, lililojulikana kwa Wajerumani kama tukio la Barua ya Makka.

MJI WA AMANI ULIOPIGANIWA

Nabii Ibrahim (a.s.) aliiombea Makka iwe mji wa amani, kama tunavyosoma katika Suratul Baqara, aya ya 126. Pamoja na dua hiyo tukufu, wanaadamu wameufikishia mji huo vita mara kwa mara. Mwaka 64 Hijria (683) jeshi la Bani Umayya liliuzingira, na Al-Kaaba ikaungua moto. Mwaka 73 Hijria (692) Hajjaj bin Yusuf aliuzingira tena, na Abdullah bin Zubayr (r.a.) akauawa humo. Mwaka 317 Hijria (930) Maqaramita waliwaua mahujaji na kulichukua Jiwe Jeusi, lisirudishwe hadi mwaka 339 Hijria.

Katika miaka yote hiyo Waislamu hawakuacha kuelekea kibla wala kutamani Hija. Walielewa kuwa utukufu wa mji umewekwa na Mwenyezi Mungu, hautokani na mtawala anayeushika. Na kwa sababu hiyo hiyo, neno halipati utukufu kwa kudaiwa tu kuwa limetoka huko. Tuikumbuke kanuni hii, kwani ndiyo ufunguo wa kisa kinachofuata.

KUSINI BAADA YA MAJI MAJI

Uislamu ulifika Ungoni kabla ya Wajerumani, kwa njia ya misafara ya biashara iliyotoka Kilwa na Lindi. Mwaka 1898 Wamisionari wa Kibenediktini walifungua misheni Peramiho. Vita vya Maji Maji vilipofika Ungoni mwaka 1905, misheni hiyo ilichomwa moto. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wengi wa Wangoni hapa Songea, na baadhi yao walibatizwa na padre kabla ya kunyongwa. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu umechukua jina lake, naye alinyongwa.

Adui mkubwa zaidi alikuwa njaa. Majeshi yalichoma mashamba na maghala, na watu wakafa kwa wingi kuliko waliouawa kwa risasi. Serikali ya Kijerumani yenyewe ilikadiria vifo 75,000 katika vita hivyo, na wanahistoria wengine wametaja hadi 300,000.

Maji yaliyoahidiwa kuzuia risasi hayakuzuia. Watu walikuwa wamepoteza viongozi, chakula na tumaini. Katika miaka hiyo Uislamu ulienea kwa kasi katika vijiji vya kusini, na zikri za tarika ya Qadiriyya zikasikika mbali na pwani. Ndugu msomaji, ni watu wa hali hii waliofikiwa na waraka.

WARAKA WASOMWA LINDI

Mnamo Julai 1908, Wajerumani wa Lindi, wilaya iliyopakana na Songea, waligundua waraka uliokuwa ukisomwa miongoni mwa Waislamu. Ulidai kuwa umetoka katika miji mitukufu. Kwa ufupi, ulisema kuwa Mtume (s.a.w.) ameonekana katika ndoto, amehuzunishwa na madhambi ya umma wake, na kuwa Kiama kimekaribia na mlango wa toba utafungwa. Uliwahimiza watu waswali, watoe zaka na wajitenge na makafiri. Anayeusambaza aliahidiwa kheri, na anayeuficha aliahidiwa adhabu.

Watu waliingiwa na khofu, wakakimbilia misikitini. Nakala zilipatikana pia katika sehemu nyingine za koloni. Wajerumani walimshuku Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliyekuwa mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji na aliyepigana na Wabelgiji kabla ya kuhamia Unguja.

Mkoloni aliona Maji Maji nyingine. Hakuona kuwa waliokimbilia msikitini ni watu waliozika jamaa zao juzi tu, wakitafuta msamaha wa Mola wao. Upelelezi ulifanywa, na mwaka 1911 mtaalamu wa Kijerumani, Carl Heinrich Becker, akauchapisha waraka huo katika utafiti wake juu ya Uislamu wa Afrika Mashariki. Ilidhihirika kuwa waraka wa namna hiyo ulikuwa umezunguka nchi nyingine za Kiislamu miaka mingi kabla, hadi visiwa vya Indonesia. Haukutungwa kwa ajili ya Lindi, na hakuna uasi uliozuka.

Ajabu ni kwamba haikupita miaka saba. Novemba 1914 Sultani wa Uthmaniyya alitangaza jihadi akiwa upande wa Ujerumani, na Wajerumani wale wale wakaieneza miongoni mwa Waislamu wa Afrika Mashariki. Juni 1916 Sharifu Hussein wa Makka akamuasi Sultani kwa msaada wa Waingereza, na Septemba mwaka huo Waingereza wakaingia Songea. Kila dola ilitaka Muislamu afe kwa ajili yake, na kila moja ilikuwa na mji wa Kiislamu wa kumtajia.

HUKUMU YA WARAKA KISHARIA

Kwanza, ndoto. Hadithi sahihi zimethibitisha kuwa shetani hawezi kujifananisha na Mtume (s.a.w.). Lakini Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ameeleza kuwa ndoto haithibitishi hukumu ya kisharia, kwani aliyelala hayuko katika hali ya kudhibiti anachokisikia, na riwaya haipokelewi ila kwa mwenye kudhibiti.

Pili, isnadi. Nakala nyingi za waraka huu humtaja Sheikh Ahmad, mtumishi wa Haram ya Mtume. Haram hiyo iko Madina, lakini waraka ukaitwa wa Makka. Na ni Sheikh Ahmad yupi, anayeota ndoto ile ile kizazi baada ya kizazi? Sheikh Abdulaziz bin Baz aliandika risala mahususi kuubatilisha.

Tatu, ahadi na vitisho. Kuwajibisha na kuharamisha ni haki ya Mwenyezi Mungu, naye amekwisha tukamilishia dini (Al-Maida, 3). Anayebuni thawabu kwa mwenye kunakili karatasi na adhabu kwa asiyenakili amejiingiza katika onyo kali la hadithi juu ya wanaomzulia Mtume.

Hapana budi kutenganisha mambo mawili. Toba ya watu wa Lindi ilikuwa ni toba, na swala zao zilikuwa swala, na tunamuomba Allah azikubali. Uongo ulikuwa ni wa waraka. Lakini imani iliyojengwa juu ya tarehe ya Kiama hutikisika tarehe ikipita, kama watu wa kusini walivyokwisha kuona kwa ahadi ya maji.

Leo karatasi imegeuka ujumbe wa simu, nao huisha kwa amri ya kuutuma kwa watu kadhaa. Imamu anapoletewa ujumbe wa namna hiyo asiwadhihaki waliouleta, kwani wameletwa na mapenzi. Awasomee aya ya 6 ya Suratul Hujurat juu ya kuhakikisha khabari, kisha awafundishe toba ambayo mlango wake uko wazi bila ya kusubiri barua kutoka mji wowote.

Wabillahi tawfiq.