Neno "Mbuga" katika Upimaji wa Udongo wa Unyamwezi

Istilahi nyingi za jiolojia na uhandisi tumezipokea kutoka lugha za Ulaya. Hata hivyo, yapo maneno machache yaliyosafiri kinyume chake, na mojawapo ni mbuga. Hapana budi mfasiri aijue historia yake, ama sivyo aweza kumpotosha mjenzi wa barabara.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Tabora, penye vilima vya mawe ya itale. Baina ya vilima hivyo mna mabonde mapana yenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi udongo huo hukauka na kupasuka nyufa. Wakati wa masika huvimba, maji yakatuama. Wanyamwezi, waliokuwa wapagazi mashuhuri wa njia hiyo, waliyaita mabonde hayo mbuga, nao walipendelea kusafiri kiangazi. Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, ilipita katika nchi hiyo hiyo.

Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, alizunguka Tanganyika akichunguza ardhi. Mwaka 1935 alieleza kwamba udongo wa kilele, wa mteremko na wa bondeni hufungamana kama pete za mnyororo, akauita mpango huo kwa neno la Kilatini, catena. Udongo wa chini kabisa ulibaki na jina lake la wenyeji, na hivyo mbuga ikaingia katika maandishi ya Kiingereza bila kutafsiriwa.

Tatizo ni kwamba leo wasomaji wengi, wasikiapo mbuga, hufikiria uwanda wa nyasi au hifadhi ya wanyama. Taarifa isemayo "barabara itapita mbugani" haimwonyi mhandisi kwamba udongo huo utavimba na kusinyaa, na kwamba yapasa uondolewe au uinuliwe tuta la moramu lenye makalvati ya kutosha.

Kwa hiyo twapendekeza udongo wa mbuga kwa udongo wenyewe, na mbuga libaki kwa sura ya nchi. Ama catena, mnyororo ni tafsiri sahihi. Lakini katika njia iliyopitishwa watumwa neno hilo lina kumbukumbu nzito. Mfuatano wa udongo latosha.