Mzimu, Kisima na Mpelelezi: Siri za Shamba katika Riwaya za Muhammed Said Abdulla

Historia ya riwaya ya upelelezi ya Kiswahili husimuliwa mara nyingi kana kwamba iliteremka bandarini Unguja pamoja na vitabu vya Sherlock Holmes. Dai hilo lina ukweli wake. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, ana kiko na ana rafiki asiyeona anachokiona yeye. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba kilichoazimwa ni mpelelezi tu. Siri anayoipeleleza ni ya visiwani.

Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Kabla ya kuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari mwaka 1948, alikuwa mkaguzi katika Idara ya Afya kwa takriban miaka kumi, kazi ambayo (na wahakiki hawajaipa uzito unaostahili) humzoeza mtu kuingia nyua za wenziwe na kutazama wanachotaka kisitazamwe. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960.

Riwaya ya Kigothi ya Uingereza, tangu The Castle of Otranto ya Horace Walpole mwaka 1764, hujengea hofu yake ndani ya ngome ya ukoo. Shamba la Unguja lilikuwa na mzimu: pango, mti au jiwe ambako watu huweka nadhiri na kufukiza ubani. Katika maana hiyo tunasema mzimu huu, si mzimu huyu. Anayeufasiri kuwa kivuli cha maiti ameipoteza riwaya tangu jaladani, kwani mzimu ni mahali, na mahali pana wenyewe. Bwana Ali, mwenye shamba, anapokutwa amekufa hapo, wanakijiji wana maelezo tayari. Bwana Msa hayakubali. Anatafuta mkono wa mtu. Vivyo hivyo katika Kisima cha Giningi (1968): Giningi ni mji wa wachawi katika masimulizi ya visiwani, lakini anayesakwa ni muuaji.

Kati ya vitabu hivyo viwili yalipita Mapinduzi ya Januari 1964 na kutaifishwa kwa ardhi, ilhali Abdulla aliendelea kuandika ulimwengu wa wenye mashamba. Wapo wanaouita ukimya huo ukwepaji. Naona lawama hiyo inaharakisha. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, lakini hali ya masuria haikuguswa hadi amri ya 1909. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na babaye alirithi sawa na nduguze. Asiyekubaliwa hakurithi kitu. Katika jamii ya namna hiyo, kujua nani mwana wa nani ni kujua mikarafuu ni ya nani, na watu wazima wa mwaka 1960 walikuwa wangali wakiyakumbuka hayo. Ndiyo maana nasaba iliyofichwa inarudi tena katika Duniani Kuna Watu (1973) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976).

Kwa wanaoandaa mitaala Uganda, Rwanda na Burundi, ambako Mzimu huenda ukasomwa kama hadithi ya kutisha tu, toleo la shule lingehitaji maelezo ya maneno mawili kabla ya maswali ya mazoezi: mzimu na suria. Kuandika «pepo» mbele ya neno la kwanza hakutoshi, na la pili halipaswi kurukwa kwa haya.